Jedwali la Ukurasa wa Themanini na Saba

Kitabu changu kina kurasa mia moja na arobaini, na kwa miaka kadhaa wanafunzi wa chuo ninachofundisha hapa Tabora walikisoma wakiamini kwamba kila namba iliyomo ilitoka kwenye kompyuta. Karibu zote zilitoka huko. Za jedwali la ukurasa wa themanini na saba nilizitunga mimi mwenyewe, nimekaa sebuleni kwangu, mtaa wa Cheyo, asubuhi ya Jumapili, penseli mkononi.

Nianze na somo lenyewe, maana bila hilo aibu yangu haitaeleweka. Zipo hesabu ambazo huwezi kuzimaliza kwa kanuni moja ukapata jibu. Jinsi joto linavyopenya ukutani ni mojawapo. Unachofanya ni kuukata ukuta kwa mawazo katika vipande vyembamba, unaukata na muda katika hatua fupi fupi, kisha unakokotoa kipande kwa kipande, hatua kwa hatua: baada ya nusu saa kipande hiki kimefika nyuzi ngapi, baada ya nusu saa nyingine ngapi. Kwa mkono inachosha. Kompyuta inaimaliza kabla hujapepesa jicho. Hilo ndilo somo langu, na vitabu vyake karibu vyote vinatoka mbali.

Vitabu hivyo nilivichukia tangu nikiwa mwanafunzi. Maktaba yetu ilikuwa na nakala moja ya kitabu kikubwa, jalada limefungwa kwa uzi wa katani, na sisi tulikuwa tukipanga foleni kukisoma. Unafuata maelezo vizuri, mstari kwa mstari, mpaka unafika mahali mwandishi anasema: ni rahisi kuonyesha kwamba. Chini yake kuna mlingano ambao haukutoka popote. Nilikuwa nakaa na sentensi ile siku nzima. Kama ni rahisi, mbona mimi sioni? Nilijiona mzito wa kichwa. Mifano yao yote ilikuwa inafaulu. Hakuna hata ukurasa mmoja uliokuonyesha hesabu iliyoharibika inafananaje, ili siku yako ikiharibika ujue ni kitu kinachotokea kwa watu. Masharti ya kuifanya njia ifanye kazi yalifichwa kwenye mazoezi mwishoni mwa sura, na majibu nyuma ya kitabu yalitolewa kwa maswali machache tu. Anayeandika vile anaandika kwa ajili ya mtu mwenye mwalimu chumba cha pili na kompyuta mezani. Sisi tulikuwa na uzi wa katani.

Nilipoajiriwa kufundisha, malalamiko haya niliyageuza kuwa sehemu ya somo. Nilikuwa nikisoma sentensi ile kwa sauti, "ni rahisi kuonyesha kwamba," halafu nanyamaza, darasa linacheka. Wanafunzi walinipenda kwa hilo. Mkuu wa idara yetu aliposema chuo kingechapisha vitabu vyake, vya Kiingereza chepesi chenye ufafanuzi wa Kiswahili pembeni, kila mtu alinitazama mimi. Nilikubali hata kabla hajamaliza kusema.

Nilitaka mifano ya kwetu. Kwenye kitabu cha kigeni kulikuwa na mfano wa ukuta wa chumba cha kukaushia mbao, ukuta wa matofali wenye unene wa sentimita ishirini. Nikaugeuza kuwa ukuta wa bani, kile kijumba cha tofali ambamo wakulima wa huku wanakaushia tumbaku kwa moto wa kuni. Nilifurahi sana na wazo lile. Ndani joto la nyuzi sabini, nje ishirini na tano, na mwanafunzi wa kutoka Sikonge au Urambo akisoma atasema, naam, hiki ninakijua. Tatizo ni kwamba mfano wote ulikuwa wao, mpaka viwango vya joto. Wao waliugawa ukuta vipande vinne. Mimi nikaugawa vipande vinane, ili isionekane nimenakili. Hatua ya muda niliiacha ile ile waliyotumia wao, nusu saa.

Kompyuta ilinipa uchafu. Nusu saa baada ya moto kuwashwa, kipande cha kwanza cha ukuta kilikuwa na joto la karibu nyuzi tisini, yaani ukuta umekuwa wa moto kuliko hewa inayoupasha. Nusu saa iliyofuata kipande hicho hicho kilikuwa nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri. Bani linawaka, ukuta umeganda barafu. Kufika saa ya tatu namba zilikuwa za maelfu, moja juu moja chini, moja juu moja chini.

Nilitafuta kosa kwenye programu wiki mbili. Sikuliona, kwa sababu halikuwamo. Siku ya kupeleka kazi kwa mchapaji ilikuwa Jumatatu. Jumapili nilichukua jedwali la kitabu cha kigeni, nikaweka namba zao kwenye vipande vyangu kwa kuruka kimoja kimoja, na kwenye vipande vilivyobaki katikati nikajaza wastani wa vipande viwili majirani. Ilinichukua chini ya saa moja. Nilibadilisha tarakimu ya mwisho hapa na pale zisikae sawa mno. Hilo ndilo ninaloona aibu kulisema kuliko yote, zile tarakimu za mwisho, kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa hafanyi hivyo. Anayefanya hivyo anajua anachofanya.

Juu ya jedwali niliandika: matokeo ya kompyuta. Chini yake, kueleza njia yenyewe, niliandika kwamba hatua ya muda ichaguliwe ndogo ya kutosha. Ndogo kiasi gani, sikusema. Sikujua.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, mtu wa mjini hapa, baba yake na babu yake walizaliwa na kuzikwa Tabora. Kiingereza hakukijua, lakini kitabu kilipotoka alikifunga kwa kitambaa cha kanzu na kukiweka juu ya kabati, na akija mgeni anakishusha. Alipenda kufungua penye majedwali. Siku moja aliweka kidole juu ya lile langu, akakipitisha kushuka chini, namba zikipungua taratibu kutoka sabini mpaka ishirini na tano.

"Hii imekaa vizuri," akasema. "Kama mshono ulionyooka."

Nikamjibu, "Alhamdulillah, baba." Alifariki mwaka uliofuata, akiwa hajui.

Katika mwaka wa tatu tangu kitabu kitoke, idara ilipokea mwanafunzi wa shahada ya pili ambaye alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari wilayani Sikonge. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkimya, anayekuja kwa basi kila Jumamosi na kurudi jioni hiyo hiyo. Familia ya mumewe walilima tumbaku. Utafiti wake ulikuwa juu ya kuta za bani: ukiongeza unene wa ukuta kiasi gani, unapunguza kuni kiasi gani. Alikuwa ameona kwa macho yake miti ya miombo ikirudi nyuma mwaka hadi mwaka, na alitaka kujua. Msimamizi wake alikuwa mwenzangu mmoja ambaye sasa amehama. Mimi nilikuwa mmoja wa watu watatu waliokaa mezani siku alipokuja kueleza alipofikia.

Alisimama mbele yetu na karatasi zake. Alieleza vizuri mpaka akafika kwenye hesabu. Hapo sauti ikashuka.

"Nilianza kwa kurudia mfano wa kitabu cha mwalimu," akasema, akinitazama kwa heshima. "Nilitaka kuhakikisha programu yangu iko sawa kabla sijaitumia kwa kuta nyingine. Lakini jedwali la ukurasa wa themanini na saba halinitokei."

"Linakutokeaje?" mkuu wa idara akauliza. Yeye ndiye aliyeongoza kikao.

"Linakataa, mzee. Ukuta unaganda barafu."

Mwenzetu wa tatu alicheka. Halikuwa cheko baya, lilimtoka tu, lakini mkuu naye akatabasamu. Yule mwalimu akainamisha macho.

"Nimerudia mara nyingi," akasema. "Nimefanya na kwa mkono, kwa kikokotoo. Huenda nimekosea mimi. Nilitaka kumwomba mwalimu anionyeshe alivyopata zile namba."

Wote wakanigeukia. Nakumbuka pangaboi lilikuwa linazunguka na kutoa mlio kila likimaliza mzunguko, na nilikuwa nimeshika kalamu ya mtu mwingine. Nilijua. Nilijua papo hapo kwamba alichopata yeye ndicho nilichopata mimi, kwamba programu yake ilikuwa sahihi na yangu ilikuwa sahihi na kitabu ndicho chenye uongo. Ningeweza kusema, "Njoo ofisini tulitazame pamoja." Hata hilo lingetosha, wala lisingenifichua.

Nikasema, "Mwalimu, kabla ya kulaumu kitabu, mtu ahakikishe kwanza kichwa chake."

Safari hii wote wawili walicheka. Yeye akasema, "Samahani, mwalimu," akakusanya karatasi. Kikao kikaandika kwamba mtahiniwa hajamudu msingi wa hesabu za utafiti wake, arudi kujifunza upya. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Muhula uliofuata jina lake halikuwamo kwenye orodha, na mimi niliangalia orodha ile mara mbili, na nikipenda kuwa mkweli leo, nilipoona halimo nilipumua.

Nyumbani siku ile ya kikao mke wangu aliniuliza kama naumwa. Nikasema ni jua. Alinitazama, akaenda zake kuchambua mchele. Sikumwambia kitu kwa miaka miwili.

Yaliyonifumua yalikuja kwa njia ya kawaida kabisa. Chuo kiliamua kuweka vitabu vyake mtandaoni, pamoja na programu zilizotumika kwenye kila mfano, ili msomaji aweze kuziendesha mwenyewe. Mkuu wa idara aliniita akanipa orodha ya mifano yangu.

"Programu zote ninazo," akasema, "isipokuwa hii ya bani. Ilisahaulika?"

"Ipo kwenye kompyuta ya zamani," nikasema. "Nitaitafuta."

Nilirudi ofisini nikafunga mlango. Mara ya kwanza tangu ile Jumapili, nilikaa na tatizo lenyewe badala ya kukaa na hofu yake. Nikafungua kitabu cha kigeni, nakala yangu mwenyewe sasa, nikasoma sura nzima mpaka kwenye mazoezi. Zoezi la kumi na tisa, mistari miwili: msomaji aonyeshe kwamba njia hii hutulia endapo tu hatua ya muda haizidi kiwango fulani, na kiwango hicho kinategemea unene wa kipande ukizidishwa kwa wenyewe. Ndicho hicho. Ukifanya vipande viwe vyembamba nusu, hatua ya muda haina budi kuwa fupi mara nne. Vipande vyao vinene viliivumilia nusu saa. Vyangu vilihitaji dakika kumi au pungufu. Nikabadilisha namba moja kwenye programu, nikabonyeza. Jedwali likatoka limetulia, namba zikishuka vizuri.

Halikufanana na lile langu la penseli. Lilikaribiana, lakini halikufanana.

Zoezi la kumi na tisa. Kwa miaka yote niliwacheka waandishi wale kwa kuficha jambo la maana mahali ambapo msomaji hafiki, na mimi sikufika. Wao angalau waliliandika. Ningeweza kukaa pale nikawalaumu, na kweli nililaumu kidogo, nikasema moyoni kwamba sharti kama lile lilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene, na picha ya ukuta ulioganda kando yake. Hiyo ni kweli hadi leo. Ila hakuna mwandishi wa ng'ambo aliyenituma kumwambia mwanamke yule ahakikishe kichwa chake.

Jioni nilimweleza mke wangu yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Huyo mwalimu yuko hai?"

"Yuko. Bado anafundisha kule kule."

"Basi mbona unaniambia mimi?"

Nilipanda basi la Sikonge Jumatano, siku isiyo na vipindi. Mjini Sikonge nikachukua bodaboda, kwa sababu shule yake iko ndani, barabara ya vumbi jekundu, watu wakipishana nasi kwa baiskeli zilizobeba kuni na madumu ya asali. Wazee wetu mjini husema njia za huku zilikanyagwa na misafara ya wapagazi kabla ya kuwa na jina. Mimi njia nzima nilikuwa natunga sentensi. Kila niliyoitunga ilianza na neno "bahati mbaya," na kila moja niliitupa.

Nilimkuta anatoka darasani, mikono ina chaki. Alisimama kidogo kunitambua.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Kwa kawaida mtu anajibu marahaba bila kufikiri. Mimi sikuitikia. Nikasema, "Leo usiniamkie hivyo. Nimekuja kukuomba msamaha."

Wanafunzi walikuwa wanapita na kututazama. Akasema kipindi chake kilichobaki kilikuwa cha mwisho, nimsubiri, kisha tutakwenda kwake, si mbali. Nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, kupitia dirishani namsikia anafundisha. Alifundisha vizuri kuliko mimi. Mwanafunzi mmoja, msichana, alinyoosha mkono akasema jibu lake la zoezi halilingani na la kitabuni.

"Kama halilingani na kitabu umekosea wewe," nikamsikia akijibu. "Kitabu hakikosei. Rudia."

Nilitaka kuondoka. Nasema kweli, niliangalia bodaboda iko wapi.

Nyumbani kwake mama mkwe alikuwa uani anachambua majani ya tumbaku, akaniamkia "Mwadila," nami nikaitikia kwa Kinyamwezi changu cha mjini kilichomfanya acheke. Alinipa kiti. Bani lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba, tofali za kuchoma, mlango mdogo, harufu tamu ya tumbaku. Mwalimu alileta chai na asali, akakaa mbele yangu kwenye kigoda, akangoja.

Nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia juu ya vipande vinane, Jumapili, penseli, wastani wa majirani, tarakimu za mwisho. Nilimwambia kwamba ukuta uliganda kwangu pia. Alikuwa ananisikiliza huku anafuta chaki kwenye vidole kwa pindo la kanga, kidole kimoja kimoja.

"Siku ile mezani," akasema nilipomaliza, "ulikuwa unajua?"

Hapa ndipo nilipokuwa nimejiandalia njia ya kutokea. Nilipanga kusema kwamba nilikuwa na mashaka. Nikasema, "Nilijua."

Akaitika tu, "Eeh." Mama mkwe aliacha kuchambua, akamtazama, akaendelea.

"Nilimwambia mume wangu mimi hesabu za juu siziwezi," akasema. "Akaniambia basi usijitese. Nikaacha. Halafu nikarudi darasani, na unajua ninawafundisha nini wale watoto?"

"Nimesikia."

"Umesikia." Sauti yake haikupanda. Ingepanda ningevumilia zaidi. "Zamani sikuwafundisha hivyo. Zamani nilikuwa nawaambia, onyesha kazi yako, tuone nani amekosea. Sasa nawaambia kitabu hakikosei, kwa sababu nilidhani ndilo funzo nililolipata mjini."

Akainuka, akaingia ndani. Nilidhani ndiyo namna yake ya kunifukuza. Alirudi na daftari la kurasa nyingi, jalada limeliwa na mchwa pembeni. Akalifungua mapajani mwangu. Mlikuwa na majedwali, kurasa kwa kurasa, kwa mwandiko mdogo wa kalamu ya bluu, ukuta wa bani vipande vinne, vitano, sita, vinane, hatua ya nusu saa, robo saa, dakika kumi, dakika tano. Kila jedwali lililoharibika amelichorea mstari, na kila lililotulia amelitia alama. Ukurasa wa mwisho, wenye tarehe, alikuwa ameandika: vipande vikiwa vyembamba nusu, muda ukatwe mara nne, sijui kwa nini.

Yote kwa kikokotoo cha mkononi. Alikuwa amelipata sharti lenyewe peke yake, siku chache kabla ya kuja kusimama mbele yetu, na hakulisema kwa sababu halikuwamo kwenye kitabu changu.

"Hii ni sahihi," nikamwambia. "Hii ndiyo iliyokosekana. Nataka niiweke kwenye toleo jipya, kwa jina lako."

Alinitazama kwa mara ya kwanza kwa hasira ya wazi.

"Usinilipe kwa jina," akasema. "Andika kwanza ulichofanya wewe. Weka jedwali lililoganda, watu walione. Na uwaambie wale wenzako wawili waliocheka. Ukimaliza hayo, mimi na wewe ndiyo tutaona."

Sikumaliza haraka kama nilivyomwahidi. Nilimweleza mkuu wa idara kesho yake. Alinisikiliza, akaufunga mlango, akavua miwani.

"Tuandike kwamba makosa ya uchapaji yamerekebishwa," akasema. "Jedwali jipya liingie, basi. Unataka wanafunzi waseme nini juu ya vitabu vyetu?"

Nami nikasema sawa. Ninalikiri kwa sababu ningependa kulificha: baada ya safari ile yote, baada ya daftari lile, nilisema sawa na nikatoka ofisini nimepata nafuu. Nikaandika sentensi ya makosa ya uchapaji. Ilikaa kwenye kompyuta yangu siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa darasani, nikafika kwenye lile igizo langu la kila mwaka, "ni rahisi kuonyesha kwamba," darasa likacheka kama kawaida, na nikashindwa kuendelea na somo. Nilisimama mbele yao nimeshika chaki. Wakaacha kucheka mmoja mmoja.

Nikawaambia wafungue ukurasa wa themanini na saba. Nikawaeleza. Kisha nikaendesha programu kwa hatua ya nusu saa, nikaionyesha ukutani kwa projekta, wakauona ukuta unaganda. Msichana mmoja mstari wa mbele aliuliza, "Kwa hiyo mwalimu, mengine humu tuyaamini?" Nikamjibu ayapime yote, moja moja, na akipata tofauti aje kwangu na karatasi zake. Aliandika jibu hilo kwenye daftari, sijui kwa nini, akalipigia mstari.

Kwa mkuu nilirudi mchana huo huo nikiwa sina cha kuficha tena, kwani habari ilikuwa imeshatoka darasani. Alikasirika. Kikao cha idara kiliitishwa, nami nikasema mbele ya kikao, yule mwenzetu wa tatu akiwamo, kwamba mwanamke tuliyemcheka alikuwa sahihi na kwamba mimi nilikuwa nikijua wakati tunamcheka. Mkuu alitazama mikono yake. Baadaye, nje, aliniambia kwamba tabasamu lake la siku ile analikumbuka. Niliandikiwa barua ya onyo na nikaondolewa kwenye usimamizi wa utafiti kwa miaka miwili. Niliona ni haki. Pia iliniuma, sitasema haikuniuma.

Toleo la pili lina majedwali mawili yanayotazamana, la hatua ya nusu saa lenye barafu na la dakika kumi lililotulia, na chini ya lile la kwanza nimeeleza kwa maneno machache kwamba katika toleo lililotangulia mwandishi alitunga namba. Jina la yule mwalimu limo, kwenye sharti lile. Aliniruhusu kwa ujumbe mfupi wa simu baada ya kumtumia kurasa zile azisome: "Sasa weka."

Amerudi kusoma. Msimamizi wake ni mtu mwingine, na aliomba kwa maandishi kwamba nisikae kwenye meza ya watahini wake. Wiki aliyoeleza matokeo yake, nilimwona kwenye korido amebeba karatasi na kile kikokotoo chake. Tulisalimiana, habari za kazi, habari za nyumbani, safi. Hakuniamkia shikamoo. Aliingia ndani, mlango ukafungwa, na mimi nikaendelea na safari yangu ya maktaba. Kupitia ukutani nilisikia wanamwuliza maswali na sauti yake ikijibu, haikushuka mahali popote.

Kinachonisumbua sasa ni nakala za zamani. Ziko kwenye vibanda vya fotokopi karibu na stesheni ya reli, ziko Kaliua, ziko Nzega, wanafunzi wanaachiana mwaka hadi mwaka. Juzi niliingia kwenye kibanda kimoja nikakuta rundo la nakala hizo limebanwa upya. Nikamwambia mwenye kibanda kitabu kile kina ukurasa wa uongo, lipo toleo jipya.

"Hili la zamani ndilo wanalotaka," akasema. "Jipya ni nene."

Nikamwomba kiti na kalamu. Akanipa, akinishangaa. Nikafungua nakala ya kwanza penye ukurasa wa themanini na saba, nikaandika juu ya jedwali kwa herufi kubwa kwamba namba hizi si za kweli, nikaandika hatua sahihi ya muda, nikatia sahihi yangu. Zilikuwa nakala kumi na saba. Wateja waliingia na kutoka. Mmoja aliuliza mimi ni nani, ninayeharibu vitabu vya watu, na mwenye kibanda akamjibu kwamba huyu ndiye aliyekiandika.